Embe siyo aibu

Jamani, msimu wa maembe umefika tena hapa Nyarugusu, na sisi vijana wa kujitolea kuna jambo linatuuma.

Asubuhi tukipita vijijini kwenye zoni yetu, chini ya miembe maembe yamelala mpaka basi, inzi wanajilia. Ikifika saa nne, mapumziko, watoto kibao wanazunguka uwanja wa shule mikono mitupu wakisubiri kengele. Tunda linaoza hatua chache kutoka hapo!

Tukawauliza akina mama. Tulidhani watasema muda hamna. Kumbe ni aibu. Mtoto aliyefungiwa andazi anaonekana kwao kuna hela, aliyebeba embe wenzake wanamwita "wa kuokota". Binti mmoja wa darasa la pili tulimkuta anakula pera lake nyuma ya choo ili asionekane. Nyuma ya choo, jamani.

Na sisi tumechangia. Mwaka jana tulizunguka na bango la lishe lenye tufaha jekundu, zabibu na glasi ya maziwa. Mama mmoja akatuuliza kwa upole, "Wanangu, hilo jekundu linauzwa soko gani?" Hatukuwa na jibu. Ndugu zetu wa mashirika, tunawaheshimu sana, ila bango lijalo chorini embe. Chorini papai. Chorini pera, maana lina vitamini C kuliko hata chungwa.

Hatusemi embe peke yake linatosha, mtoto atarudi nyumbani na njaa. Ila mgao tunaujua wote: unga, maharage, mafuta, chumvi. Tunda halimo. Embe bivu na papai vinampa mtoto vitamini A, ambayo macho yanaihitaji. Pera nalo, likiliwa pamoja na maharage, linasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Kwa hiyo kwenye kikopo cha shule weka kipande cha muhogo wa kuchemsha, karanga kama zipo, na tunda pembeni.

Lioshwe kwa maji safi, lisikatwe nyumbani. Embe zima limejifunga lenyewe. Ukilikata alfajiri, mpaka saa nne limeshaingia uchafu. Dodo ni kubwa, wagawane wawili. (Yale mabichi ya chumvi tunayajua, tumekula sana, lakini siyo ya kubebea shule.) Na walimu wetu, tunaomba ndoo ya maji na sabuni karibu na darasa, kwa sababu embe bila kunawa mikono ni kuita kuhara.

Wapo mama zetu wanaouza beseni zima ili wapate sabuni. Hao hatuwalaumu hata kidogo, sabuni nayo ni afya. Tunaomba mawili tu yabaki ndani kwa ajili ya mwanafunzi.

Jumatatu saa nne, sisi tunaosaidia madarasani tutakaa katikati ya uwanja tule maembe mbele ya watoto wote, mpaka juisi itiririke kwenye viwiko. Walimu karibuni. Yule binti tumeshamwambia aje na pera lake, akasema atafikiria.