Msaada wa kisheria kwa mfanyabiashara mdogo: mlango upo wazi, ushahidi ndio ufunguo

Kata ya Singe ni miongoni mwa kata nane za Halmashauri ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mji uliopo katika makutano ya barabara zinazotoka Arusha, Dodoma na Singida. Mahindi, mbaazi na alizeti za ukanda huu hupita katika mikono ya wafanyabiashara kadhaa kabla ya kufika sokoni, na mara nyingi biashara hiyo huendeshwa kwa kuaminiana. Mnunuzi huchukua magunia leo na kuahidi kulipa baada ya kuuza. Ahadi hiyo inapovunjika, mwenye mali hujiuliza maswali mawili: aende wapi, na nani atamsaidia?

Uzito wa maswali hayo ulidhihirika mwezi Agosti 2017, India ilipoweka ukomo wa kiasi cha mbaazi kinachoruhusiwa kuingia nchini humo na bei ya zao hilo kuporomoka. Mshtuko wa aina hiyo hauishii kwa msafirishaji mkubwa. Msafirishaji akishindwa kumlipa wakala, wakala naye hushindwa kumlipa mwenye ghala, na mwenye ghala humwambia mkulima asubiri. Anayebaki mwisho wa mnyororo ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kumlipa wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilitungwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Wapo wafanyabiashara wanaoamini kwamba msaada wa kisheria ni wa mashauri ya ndoa, mirathi na ardhi pekee, na kwamba mwenye duka hawezi kuhesabiwa kuwa mhitaji. Imani hiyo haina msingi. Kipimo cha sheria ni uwezo wa mtu kugharamia huduma ya wakili, wala haitazami kama ana leseni ya biashara. Mfanyabiashara ambaye mtaji wake wote umo katika deni asilolipwa anaweza kabisa kuangukia katika kundi hilo, na anapaswa kuomba huduma bila kuona haya.

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023 na kuratibiwa na Wizara ya Katiba na Sheria, imesogeza huduma hiyo karibu na wananchi kwa kuwapeleka wataalamu wa sheria hadi ngazi ya kata na vijiji. Hata hivyo, timu ya kampeni hufika na kuondoka, ilhali migogoro ya biashara huzaliwa kila msimu wa mavuno. Kwa sababu hiyo, mwananchi anapaswa kuwafahamu wanaobaki: wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, pamoja na Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, ambaye kwa kawaida ndiye hutekeleza jukumu la Msajili Msaidizi wa watoa huduma hizo.

Ni vema pia kufahamu mipaka ya msaidizi wa kisheria. Anaweza kutoa elimu, kumwelekeza mdai katika hatua za kufungua shauri na kuwakutanisha wahusika wapatane. Hawezi kusimama mahakamani kama wakili, wala hapaswi kutoza malipo. Anayedai fedha ili "asukume kesi" hatoi msaada wa kisheria.

Kuhusu mahali pa kudai, sheria imeweka ngazi zinazoeleweka. Kwa marekebisho ya mwaka 2016, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30 na madai ya mali isiyohamishika yasiyozidi shilingi milioni 50. Kwa mashauri ya kibiashara, Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 70, au milioni 100 yakihusu mali isiyohamishika. Yanayozidi hapo huenda Mahakama Kuu, ambayo Divisheni yake ya Biashara ilianzishwa mwaka 1999.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Singe anayedai shilingi milioni 9 za magunia ya mbaazi. Shauri lake ni la Mahakama ya Mwanzo. Huko lugha ni Kiswahili, utaratibu ni mwepesi, na mdai anaweza kujieleza mwenyewe. Asiporidhika na uamuzi, ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Wapo wanaokimbilia kituo cha polisi ili mdaiwa akamatwe. Deni linalotokana na mkataba halali ni suala la madai. Pasipo udanganyifu au wizi, kushindwa kulipa si kosa la jinai, na polisi si wakala wa kukusanya madeni. Njia hiyo humpotezea mdai muda, na muda una thamani kisheria: chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6.

Wahusika pia wanaweza kumaliza tofauti zao bila shauri. Ibara ya 107A ya Katiba inaitaka Mahakama yenyewe kukuza usuluhishi baina ya wanaogombana. Kwa mgogoro wa ardhi, kama vile mpaka wa kiwanja cha biashara, Baraza la Kata ndilo huanza kusuluhisha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu. Usuluhishi huhifadhi uhusiano wa kibiashara, lakini unafaa tu pale makubaliano yanapoandikwa, yakataja kiasi na tarehe za malipo, na kusainiwa na pande zote mbele ya mashahidi.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua kwamba makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Ugumu huja katika kuyathibitisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna wakili, wa kulipwa au wa bure, anayeweza kuziba pengo la ushahidi usiokuwepo. Karatasi moja yenye majina, idadi ya magunia, bei, tarehe ya malipo na saini inatosha kubadili mwelekeo wa shauri. Ujumbe wa simu na kumbukumbu za miamala zisifutwe, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ushahidi wa kielektroniki. Mikataba inayotozwa ushuru wa stempu, ikiwemo ya upangaji, ilipiwe mapema, kwani isiyolipiwa inaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi.

Ushindi mahakamani nao haumaanishi malipo ya papo hapo. Mdaiwa asipotii hukumu, mdai hulazimika kuomba utekelezaji wake, ikiwemo kukamatwa kwa mali. Busara basi ni kumchunguza mnunuzi kabla ya kumkabidhi mzigo.

Mafanikio ya msaada wa kisheria hayapaswi kupimwa kwa idadi ya wananchi waliofikiwa pekee. Kipimo cha haki kwa kata kama Singe ni kuona elimu ya mikataba inafika kabla ya msimu wa mavuno, katika mikutano ya mitaa, masoko na vyama vya ushirika. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa ya mgogoro wa deni ni kuandikiana kabla mzigo haujapakiwa.