ADA BADALA YA MAEGESHO: NI NANI ATAKAYEPANGA KIASI?

Ndugu wanachama, makarani wenzetu, na ninyi nyote mnaozisoma karatasi hizi kwa kupokezana,

Twaandika juu ya jambo ambalo kwa jina lake laonekana kuwa la matajiri tu, nalo ni mahali pa kuweka motokaa. Wengi wetu hatuna motokaa. Twaamka alfajiri, twasimama Buguruni Sheli au Rozana, twasukumana mlangoni mwa daladala, na jioni twarudi vilevile. Basi mtu aweza kuuliza, maegesho yatuhusu nini sisi? Jibu letu ni kwamba yatuhusu mara mbili. Kwanza, sisi ndio tunaoyalipia ndani ya kodi ya chumba, ijapokuwa hatuyatumii. Pili, siku mji utakapoamua kutoza fedha badala ya maegesho, sisi makarani ndio tutakaokaa dirishani na kuandika stakabadhi, na majina yetu ndiyo yatakayotajwa kwanza fedha zisipoonekana.

Sharti lilivyo ni hili. Mtu atakaye kujenga nyumba ya ghorofa, duka au nyumba ya wageni huletewa hesabu: kwa ukubwa huu wa jengo, toa nafasi kadha wa kadha za motokaa ndani ya kiwanja chako. Mwongozo wa namna hii umo katika viwango vya mipango miji vilivyotungwa chini ya Sheria ya mwaka 2007, na miji mingi ya dunia ina mfano wake. Ujerumani waliuandika kuwa amri ya nchi nzima mwaka 1939, wakati motokaa zenyewe zilikuwa bado za wachache. Nia yake si mbaya. Hawakutaka barabara ijae motokaa za wageni wa nyumba moja.

Lakini tuchukue kamba tupime. Motokaa moja yataka kama meta 2 na nusu kwa 5 za kulala, na ukiongeza njia ya kuingilia na kugeukia, nafasi moja hula kama meta za mraba 25 hadi 30. Chumba chetu cha Buguruni, cha meta 3 kwa 3, ni meta za mraba 9. Maana yake, motokaa moja yalala mahali pa vyumba vitatu vya watu. Tuseme sasa mtu ana kiwanja cha meta 15 kwa 20, nacho kwa mitaa ya Malapa na Mnyamani si kiwanja cha kudharauliwa. Akiambiwa atoe nafasi kumi, nafasi hizo zitataka meta za mraba 250 hadi 300, na kiwanja chote ni 300. Ajenge wapi? Juu ya motokaa? Aweza, akiwa na fedha za nguzo na sakafu imara. Chini ya ardhi? Aweza pia, akiwa na fedha zaidi, na mafundi wa kweli, na ardhi isiyotoka maji. Sisi tulio karibu na bonde la Msimbazi twajua maji hutoka wapi mvua za masika zikija.

Basi mwenye kiwanja hufanya moja katika mambo matatu. Aacha kujenga, na mji wakosa vyumba. Au ajenga kwa siri, siku za sikukuu na usiku. Au achora katika ramani maegesho mazuri ya chini, apewa ruksa, na jengo likiisha maegesho yale yawa ghala na maduka. Kila apitaye ayaona, na hakuna asemaye. Kariakoo imejaa mifano ya njia hii ya tatu. Tukumbuke pia msiba wa tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Hatusemi kwamba maegesho ndiyo yaliyoliangusha, wala si kazi yetu kuhukumu. Twasema tu kwamba katika viwanja vyembamba vilivyobanana, kumlazimisha kila mtu achimbe chini ya nyumba yake si jambo la kuamriwa kwa wino mwepesi.

Yako miji iliyopata njia nyingine. Marehemu Donald Shoup, mwalimu wa chuo kikuu cha California mjini Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025, alichapisha mwaka 1999 uchunguzi wa miji 46 iliyomruhusu mjenzi alipe ada badala ya kutoa maegesho: 24 ya Marekani, 7 ya Kanada, 6 ya Uingereza, 6 ya Ujerumani, 2 ya Afrika ya Kusini na mmoja wa Iceland. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba jambo hili ni ndoto ya makarani. Mjenzi hulipa, mji huzikusanya ada za wengi, kisha hujenga uwanja mmoja wa motokaa utakaotumiwa na wote. Faida yake kubwa ni kwamba nafasi moja huhudumia watu wengi kwa zamu. Tazameni hapa kwetu: soko la Buguruni lina haja yake asubuhi, msikiti una haja yake Ijumaa adhuhuri, kanisa Jumapili, na mabaa usiku. Kila mmoja akijenga maegesho yake, manne yatajengwa na matatu yatalala matupu kila saa. Yakijengwa ya pamoja, moja latosha, au moja na nusu.

Basi, twaiunga mkono ada. Lakini twaiunga mkono kwa sharti, na hapa ndipo tunapotaka wanachama watusikilize vizuri, kwa sababu ubaya wote umo katika namna ya kupanga kiasi.

Kati ya miji ile ziko njia mbili. Ya kwanza ni kiasi kimoja kwa wote: nafasi moja usiyoitoa ni fedha kadha, imeandikwa, imetangazwa, maskini na tajiri wasoma karatasi ileile. Ya pili ni kukadiria kila jengo peke yake: mthamini aenda, atazama ardhi, auliza gharama, halafu wakubwa wakaa na mwenye jengo wakapatana. Wanaoipenda njia ya pili husema kwamba ndiyo ya haki zaidi, maana ardhi ya Posta si ardhi ya Buguruni. Hoja hiyo si ya upuuzi, ila dawa yake ni kugawa mji katika kanda na kuandika kiasi cha kila kanda. Dawa yake siyo mapatano ya chumbani.

Twayajua mapatano sisi, kwa kuwa twakaa nje ya mlango wake. Faili huletwa. Faili hulala. Mwenye jengo huja Jumatatu akaambiwa Alhamisi, huja Alhamisi akaambiwa Bwana yuko safarini. Mara ya nne huja na mtu anayemjua mtu. Kiasi kilichokuwa kikubwa hupungua, na sababu za kupungua kwake hazionekani katika faili. Jirani yake wa Malapa, mjane aliyeachiwa kiwanja na mumewe, asiye na mtu anayemjua mtu, hulipa kile kiasi cha kwanza chote. Baadaye minong'ono ikianza, haulizwi aliyepatana, huulizwa karani aliyeandika. Tumeona wenzetu wakihamishwa na wengine wakisimamishwa kazi kwa tarakimu ambazo hawakuzipanga wao. Kwa sababu hiyo hatuoni haya kusema kwamba twalitetea tumbo letu pia: kiasi kilichoandikwa na kutangazwa ni ngao ya mjane, na ni ngao ya karani vilevile.

Kiasi chenyewe kiwe kipi? Wako wasemao kwamba ada iwe sawasawa na gharama kamili ya kujenga nafasi moja, ardhi yake na saruji yake. Kwa daftari la mhasibu hesabu hiyo ni safi. Lakini mjenzi akiona kwamba alipe vilevile na asipate hata pa kuweka motokaa yake mwenyewe, atachimba tu, au atarudi katika zile njia tatu tulizozitaja. Pasadena, mji ulio karibu na Los Angeles, ulikwenda kinyume. Katika mtaa wake wa kale ulitoza ada ndogo ya kila mwaka badala ya fungu kubwa la mara moja. Majumba ya zamani yakapata kutengenezwa na kufunguliwa upya, kwa sababu wenyewe hawakulazimishwa tena kubomoa nyuma ili kupata uwanja. Kisha mwaka 1993 mji ukaanza kutoza maegesho ya kando ya njia mtaani humo, na mapato yakarudishwa mtaani humohumo: njia za miguu, taa, usafi. Wenye maduka waliokuwa wakiogopa ada wakawa watetezi wake, maana waliona kwa macho fedha zilikokwenda.

Twapenda mfano huo kuliko ule wa fungu kubwa. Mtu wa Buguruni anayejenga ghorofa mbili kwa akiba na mkopo hawezi kutoa fungu kubwa kabla ya tofali la kwanza. Ada ya mwaka aweza kuitoa katika kodi aipatayo.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa ada hulificha, nasi hatutalificha. Ada ni mtoto wa sharti. Ukimtaka mtu atoe nafasi kumi ambazo hakuna atakayezitumia, kisha ukamwambia alipe fedha badala ya zile kumi, humwondolei mzigo. Umegeuza tu mzigo wa bure kuwa kodi ya bure. Kwa hiyo idadi yenyewe ipunguzwe kwanza. London iliondoa kima cha chini mwaka 2004, ikaweka badala yake kima cha juu kisichopitwa. São Paulo walilegeza mwaka 2014 kando ya njia za mabasi, na Mexico City wakaondoa kima cha chini mwaka 2017. Sisi nasi tuna mabasi ya mwendokasi tangu Mei 2016, yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni, na njia ya awamu ya tatu imefuata Barabara ya Nyerere na sehemu ya Barabara ya Uhuru, yaani mlangoni petu. Kuna akili gani kutumia fedha za umma kumwondoa mtu katika motokaa, halafu kumlazimisha mwenye nyumba iliyo kando ya kituo kujenga kitanda cha motokaa hiyo?

Twasikia wakipinga: mkiondoa maegesho ya viwanjani, barabara zitajaa. Enyi mabwana, nendeni pale njia panda ya Mandela na Uhuru saa kumi na mbili jioni. Malori ya bandarini, daladala, bajaji, mikokoteni, wenye meza za nyanya, na motokaa zilizopandishwa juu ya njia ya miguu hata mama mwenye mtoto mgongoni ashuke barabarani kati ya magurudumu. Zitajaa mara ngapi? Motokaa ile juu ya njia ya miguu haikupanda pale kwa kukosa uwanja. Imepanda kwa sababu pale ni bure na hakuna wa kuikataza. Mwenye kukaa bure hahami. Kutoza kando ya barabara ndiko kunakowafanya watu wafupishe kukaa, ila kutoza huko nako kuwe kwa kueleweka. Mwaka 2021 TARURA ilipoanza kutoza Dar es Salaam kwa mtambo wa kielektroniki, wenye motokaa wengi walinung'unika kwamba walikuta madeni wasiyoyajua. Ada isiyoonekana huzaa uadui hata ikiwa ya haki.

Sasa fedha. Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa Februari 2021, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo ada ya Buguruni itaingia katika sanduku moja na ada ya Posta, Kariakoo, Ukonga na Gongo la Mboto. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani watu 5,383,728. Ni rahisi sana kwa shilingi ya Mnyamani kupotea njia katika umati huo. Mjenzi wa hapa amelipa ili asitoe maegesho hapa. Watakaosongwa na motokaa zake ni watu wa hapa. Basi kitu kilichonunuliwa kwa fedha hiyo kionekane hapa. Tena kisiwe lazima uwanja wa motokaa. Kituo cha daladala chenye paa ni maegesho ya maskini. Njia ya miguu yenye ukingo mrefu ambao gurudumu haliupandi, mfereji uliofunikwa, taa kutoka Rozana hadi sokoni, hivyo vyote humpunguzia mtu haja ya motokaa, na bei yake si ya saruji ya ghorofa za kulaza magari.

Tutakalo, basi, ni hili. Idadi ya nafasi ipunguzwe, na kando ya njia ya mwendokasi iondolewe kabisa. Kwa idadi itakayobaki, ada iwekwe kwa kanda, iandikwe katika sheria ndogo, ibandikwe kwa Kiswahili katika ubao wa kila afisi ya kata, wala asiwepo mtu, awe na cheo gani, mwenye ruksa ya kuipunguza kwa kalamu yake. Mjenzi apewe hiari ya kulipa kwa mwaka. Fedha ziwe na daftari lao peke yao, na muda: zisipotumika kwa miaka watakayokubaliana madiwani, zirudishwe kwa aliyelipa. Na kila robo ya mwaka karatasi moja itoke, upande mmoja zilizoingia kutoka Buguruni, upande wa pili zilizotumika Buguruni, itiwe sahihi na mkubwa aliyeidhinisha, si na karani aliyeiandika kwa mashine.

Ni sisi, makarani wakaao Buguruni.