Kujifunza Lugha kwa Simu, Watoto Wakishalala



Mwezi huu tuongee juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu kimyakimya. Ni saa nne za usiku, vyombo vimeoshwa, watoto wamelala, na mama ameinamia simu yake akinong'ona maneno yasiyoeleweka. Baba anageukia ukutani huku akijiuliza: huyu anaongea na nani usiku huu? Mara nyingi haongei na mtu. Anajifunza Kijerumani.

Sisi wauguzi tunayaona haya sana. Ujerumani ina upungufu wa wauguzi na watunza wazee, na mwezi Septemba 2024 serikali ya Kenya ilitia sahihi mjini Berlin mkataba wa ajira na uhamiaji na nchi hiyo. Hapa kwetu Tanzania nako wauguzi wengi wanaulizia. Wapo pia akina mama wanaojifunza Kiarabu wakitazamia kazi Oman au Dubai, na wafanyabiashara wanaotaka Kifaransa cha kuwatosha wakifika Bujumbura. Nimekaa na baadhi yao, kazini na katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, nikawauliza simu imewafikisha wapi.

Programu hizi zinafanyaje kazi?

Inayojulikana zaidi ni Duolingo, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2012. Mmoja wa waanzilishi wake wawili, Luis von Ahn, alizaliwa Guatemala na kulelewa na mama yake peke yake. Mama huyo alikuwa daktari, na ndiye aliyemnunulia mwanawe kompyuta akiwa na umri wa miaka 8. Tangu mwaka 2017 programu hiyo inawafundisha hata wageni Kiswahili chetu.

Somo huchukua dakika tano hadi kumi. Unasikia neno, unalichagua, unalipanga katika sentensi, na baada ya siku chache linarudishwa kwako. Marudio hayo yana sababu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tuliyojifunza huyeyuka haraka katika saa na siku za mwanzo, lakini tukiyarudia kwa vipindi, usahaulifu unapungua. Ni kama chanjo za mtoto: hazitolewi zote siku moja, na ukiruka za marudio kinga haikamiliki.

Wanayoyafurahia

Jambo la kwanza walilonitajia ni kwamba hakuna wa kuwacheka. Mama wa miaka arobaini na kitu akikosea darasani mbele ya vijana huona haya, lakini kwenye simu hukosea mara ishirini na hakuna anayejua. La pili ni muda. Mmoja anasoma maharage yakiwa jikoni, mwingine ndani ya daladala. La tatu ni gharama, kwa kuwa sehemu kubwa ya masomo ni bure ukivumilia matangazo na ukiwa na bando.

Halafu kuna furaha ndogondogo. Mama mmoja aliruka kwa kicheko alipogundua kwamba neno letu "shule" limetoka kwa Wajerumani, na "hela" vilevile. Mwingine alikuwa anaogopa "der, die, das" mpaka nilipomkumbusha kwamba sisi tuna ngeli nyingi kuliko hizo. Wajerumani humweka msichana, "das Mädchen", katika kundi lisilo la kike wala la kiume. Ni ajabu, lakini hata sisi kifaru tunamwita "kifaru huyu" ingawa jina lake limefanana na kiti na kisu.

Wanapokwama

Tatizo la kwanza ni kwamba programu nyingi hazimfundishi mtu kwa Kiswahili. Anajifunza Kijerumani kwa kupitia Kiingereza. Mama ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha anabeba mizigo miwili kichwani, kisha anajiona mjinga. Mama, wewe si mjinga. Tafuta mtu akueleze sarufi kwa Kiswahili, hata mara moja kwa juma.

La pili ni kudanganywa na siku mfululizo. Programu inahesabu siku ulizosoma bila kukosa na kukuonyesha mwali wa moto. Mama mmoja alifikisha siku zaidi ya mia mbili. Alipokuja mgeni wa Kijerumani hospitalini, alimsalimia vizuri, mgeni akafurahi na kuendelea kuongea, na mama akabaki anatabasamu tu. Kwenye simu alizoea kuchagua maneno yaliyokwisha andikwa mbele yake. Kulitambua neno ni kitu kimoja, na kulitoa kinywani mtu akikusubiri ni kitu kingine. Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kujua hatua zote za kuchoma sindano kitabuni, lakini mkono wa mgonjwa ukiwa mbele yake ndipo tunapomjua.

La tatu ni adabu. Kijerumani kina "du" ya kumwita mtoto au rafiki, na "Sie" ya heshima. Muuguzi akimwita mgonjwa mzee "du" ni kama mtoto aliyempita bibi bila shikamoo. Mambo hayo huyapati vizuri kwa kubonyeza tu. Wanaojifunza Kiarabu nao wajue kwamba masomo mengi hufundisha Kiarabu rasmi, cha vitabu na taarifa ya habari, na jikoni kwa watu Muscat wataongea kingine.

La nne ni mtihani. Ujerumani kwa kawaida hudai kiwango cha B2 kabla ya kumtambua kikamilifu muuguzi wa kigeni. Katika mtihani wa B2 wa Goethe unapimwa kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, na kila sehemu inataka alama 60 kati ya 100. Simu itakusaidia maneno na kusikiliza. Kuandika barua na kujadiliana na mtu kunataka mwalimu. Usiache kazi wala kukopa fedha za safari kwa kuitegemea simu peke yake.

Na nyumbani je?

Hapa ndipo penye uzito. Muuguzi mmoja, mama wa watoto wawili, alisoma kwa siri miezi minne. Aliogopa kuchekwa akishindwa. Mumewe aliona mwanga wa simu kila usiku, naye akafikiri ya kufikiri. Siku alipoelezwa, kilichomuumiza hakikuwa Ujerumani. Kilimuuma kuwa mtu wa mwisho kujua kwamba mkewe anafikiria kwenda mbali. Walizungumza majuma kadhaa: nani atabaki na watoto, mpaka lini, fedha zitatumikaje. Bado hawajaamua. Lakini sasa mume ndiye anayemsikiliza maneno jioni, anayatamka vibaya, na watoto wanawacheka wote wawili.

Akina mama, lugha ni ya mtu mmoja, lakini safari ni ya nyumba nzima. Mweleze mwenzio mapema, kabla simu haijamweleza vibaya.

Fanya hivi

1. Chagua dakika kumi na tano zilezile kila siku. Mtoto akiugua, acha moto uzimike, somo litakungoja.

2. Soma kwa sauti. Kila sentensi irudie bila kuangalia simu.

3. Tengeneza kadi. Mwandishi Sebastian Leitner alieneza njia hii mwaka 1972. Kata karatasi ya manila vipande vidogo, upande mmoja andika Kiswahili, wa pili neno geni. Gawa kisanduku vyumba vitano. Cha kwanza kirudie kila siku, vinavyofuata kwa nafasi ndefu zaidi na zaidi. Ukipatia, kadi inasonga mbele, ukikosea inarudi chumba cha kwanza. Haitaki bando wala chaji.

4. Andika maneno ya kazi yako mwenyewe. Simu itakufundisha mkate na tufaha, lakini wewe unahitaji kumwuliza mgonjwa "Wo tut es weh?", yaani anaumwa wapi.

5. Tafuta mwenzako wa kuongea naye. Wawili wakikutana mara moja kwa juma na kukoseana mbele ya chai, watasonga kuliko kila mmoja na simu yake.

Hata asiyesafiri popote hapotezi kitu. Watoto wakimwona mama anasoma usiku, hawahitaji kuhubiriwa sana juu ya masomo yao.

Mwezi ujao tutaongea juu ya homa za watoto wakati wa mvua. Kaeni salama.