Kasumba ya Nani?

Ukisikiliza mazungumzo kuhusu Masisi na Walikale, katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kasumba daima ni ya upande wa pili. Kundi la waasi la M23 likiwakusanya polisi waliojisalimisha na kuwapeleka mafunzoni, wapinzani wake husema watu wanalishwa kasumba. Lenyewe huyaita mafunzo ya itikadi. Makundi yaliyokutana Pinga, wilayani Walikale, Mei 2022, ambayo baadaye yalijiita Wazalendo, nayo yana ya kuwafunza vijana wao, na huko yanaitwa uzalendo.

Kamusi hutuambia kasumba ni afyuni, kisha mawazo potofu yaliyopandikizwa kichwani. Hilo neno "potofu" ndilo linalotupoteza. Kasumba iliyoua watu Kivu Kaskazini haikuanza na uongo.

Chukua mwaka 1937. Wabelgiji walianza kuwahamishia Masisi wakulima kutoka Rwanda, kisha wakamega ardhi ya Wahunde, wenyeji wa huko, na kuunda uchifu wa Gishari. Ni kweli. Chukua 1981. Sheria ya uraia ya Rais Mobutu ilidai asili iliyokuwapo Kongo tangu 1885, na watu wengi wa lugha ya Kinyarwanda, waliozaliwa na kulima Masisi maisha yao yote, wakanyang'anywa uraia. Hiyo nayo ni kweli. Sasa mfundishe kijana mmoja 1937 peke yake na mwenziwe 1981 peke yake, halafu wape silaha. Machi 1993 watu waliokwenda soko la Ntoto, Walikale, waliuawa kwa sababu ya kabila lao. Mauaji yakapanda hadi Masisi, kisasi kikajibu kisasi, na waliokufa walihesabiwa kwa maelfu.

Kwa hiyo nashikilia kwamba kasumba ni ukweli uliokatwa nusu, ukafundishwa mahali ambapo mwanafunzi haruhusiwi kuulizia nusu iliyobaki. Sisemi makosa ya makundi haya yanalingana; kuyapima ni kazi ya mahakama. Nasema darasa linalolindwa na bunduki, ambamo anayeuliza huitwa msaliti, ni darasa la kasumba hata kama kila tarehe iliyoandikwa ubaoni ni sahihi. Na mtoto aliyeingizwa humo hana hatia ya alichofundishwa.

Toleo hili linaiweka miaka hiyo miwili, 1937 na 1981, katika kurasa zilezile. Msomaji wa Nyabiondo, Rubaya au Pinga atakayeona tumeupunja upande wake atuandikie. Barua yake tutaichapa.