Mkeka wa Sindo na Maneno Yake

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Mji wa Sindo, ulio kando ya Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Homa Bay, haukosi wageni. Wako waelekeao Mbuga ya Kitaifa ya Ruma kumtazama korongo, na wako wapitao kwenda Mbita na kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Mgeni wa namna hii hapendi kurudi kwao mikono mitupu, wala hatafuti bidhaa ya plastiki ambayo angeipata popote duniani. Hutafuta kazi ya mkono: mkeka au kikapu kilichosukwa kwa mafunjo ya ziwani. Je, akiuliza kitu hicho kimesukwaje na kila sehemu yake inaitwaje, atajibiwa kwa Kiswahili kipi?

Swali hili si dogo. Kinachomvuta msafiri kwenye kazi ya mkono ni zaidi ya uzuri wake. Mfano mzuri ni mji wa Hotan huko Xinjiang, magharibi mwa China, ambako Wauyghur hufuma kitambaa cha hariri kiitwacho atlas. Nyuzi za mtande hufungwa mafungu mafungu na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, na ndiyo sababu kingo za mapambo yake huonekana kana kwamba zimeyeyuka. Msafiri afikaye katika karakana hizo huona vifukofuko vya viwavi vikichemshwa, uzi ukivutwa, rangi ikitiwa na kitambaa kikifumwa. Anaponunua kitambaa hununua pia maelezo ya kila hatua. Bila maelezo hayo, hariri ya mkono na ile ya mashine hushindana kwa bei tu, na katika shindano hilo mkono hushindwa daima.

Waswahili nao walikuwa na hariri yao. Katika karne ya 16 Wareno walishuhudia vitambaa vya hariri vilivyofumwa Pate na kuuzwa katika miji mingine ya pwani. Leo sifa ile haipo tena. Kilichobaki ni maneno: mtande, yaani nyuzi zinazotandwa kwa urefu, mshindio, yaani uzi unaopitishwa kwa upana, na kitanda cha mfumi. Maneno haya yamo kamusini, lakini ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili waliowahi kuona vitu vyenyewe? Pate mikono iliondoka, maneno yakabaki mayatima.

Hali ya Sindo ni kinyume chake. Mikono ingalipo, maneno ndiyo yanayoondoka. Mafunjo hukatwa majini, hukaushwa juani, kisha huunganishwa hadi yakawa mkeka. Kwa Kidholuo mafunjo huitwa togo na mkeka huitwa par. Isitoshe, chini ya Kidholuo cha eneo hili imo lugha ya Abasuba, lugha ya Kibantu ambayo wengi wa wenyewe waliiacha wakahamia Kidholuo. Mzee anapofariki na istilahi zake za usukaji, huenda lugha mbili zikapata hasara kwa siku moja. Kiswahili nacho kinapofika hapa huleta maneno ya pwani kama vile ukili, chane na shupatu, ambayo yalizaliwa katika ususi wa miyaa na ukindu. Si yote yanayoafiki kazi ya mafunjo.

Huenda akatokea mhakiki wa kusema kwamba shughuli hii ni ya Kidholuo na Kisuba, na kwamba Kiswahili hakina haki ya kuingilia. Hoja hii ina uzito, kwani lugha kubwa imewahi kuzimeza ndogo. Hata hivyo, kukopa neno na kutaja asili yake si kumeza. Neno omena lilitoka ziwani likaingia katika Kiswahili cha Kenya, na leo husikika hata Nairobi pamoja na dagaa. Soko la samaki ndilo lililolipitisha. Iwapo samaki mdogo aliweza kuvuka na jina lake, kwa nini kazi ya mkono isiweze?

Mwingine atasema kuwa msukaji anahitaji fedha, si msamiati. Na ajifunze kutokana na kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili jina hilo, kwa tahajia ya kikoy, liwe alama yake ya biashara. Ombi lilipingwa na hatimaye likaachwa. Lau lingekubaliwa, Mkenya angeuza kikoi Uingereza bila uhuru wa kukiita kikoi. Neno, basi, ni mali. Jina lililoandikwa na kujulikana ni rahisi kulitetea kuliko lile linaloishi kinywani mwa mzee mmoja.

Kwa hivyo, kazi ipo. Kila mwaka wanafunzi wa Kiswahili huandika tasnifu nyingi juu ya riwaya zile zile. Baadhi yao, hasa wenyeji wa Homa Bay na Migori, wangeweza kuketi na wasukaji, wakaandika hatua kwa hatua majina ya mmea, zana, mishono na kasoro, kwa Kidholuo, kwa Kisuba na kwa Kiswahili. Wahadhiri nao waikubali kazi hiyo kuwa utafiti kamili. Hatimaye nakala irudishwe Sindo, ili msukaji awe na la kumweleza mgeni, na mgeni awe na sababu ya kulipa bei inayostahili.

Mwacha mila ni mtumwa. Pate ilipopoteza wafumi wake, Kiswahili kilirithi maneno matupu. Sindo bado ina wasukaji. Wanaokosekana ni waandishi.