Omu Si Sauti

Wauza magitaa ya umeme wana tabia ninayoipinga. Hupima ukinzani wa kinasa, kile kidude kilicho chini ya nyuzi, kisha hutamka: "Hiki kina omu 8,000, kina nguvu kuliko cha 6,000." Uongo! Kinasa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Mita hupima waya tu. Tumia waya mwembamba zaidi kwa mizunguko ile ile, omu zitapanda bila nguvu kuongezeka. Sumaku ikidhoofu, mita haina habari. Hata joto likipanda kutoka sentigredi 20 hadi 30, omu 8,000 huongezeka kwa 300 hivi.

Wengine hudai kutambua kwa omu vinasa vya Gibson vya 1957, alivyobuni Seth Lover. Vyenyewe havikulingana!

Sikatai mita, hufichua waya uliokatika. Lakini nimeongoza chuo cha ualimu, naijua hatari ya tarakimu moja. Alama 80 za mtihani hazikuniambia mwanachuo atafundishaje. Nilikwenda darasani nikamsikiliza. Nawe mnunuzi, kabla hujatoa fedha, lisikilize gitaa.