Tumemfanya Mungu Karani wa Makaratasi Yetu

Leo tusemezane ukweli, hata kama utachoma.

Kila Ijumaa usiku tunakutana katika ukumbi wetu wa kukodi hapa Uingereza. Wengine tumetoka moja kwa moja kubeba boksi, wengine tunasubiri zamu ya usiku ya kuwatunza wazee. Tunaomba kwa machozi. Lakini hebu tujisikilize: Bwana, makaratasi, Bwana, kazi, Bwana, kodi ya nyumba, Bwana, ada ya watoto kule nyumbani. Saa tatu zinapita, na Mungu mwenyewe hatujamtaja ila kama mtu wa kupokea fomu dirishani. Tumemfanya karani.

Hatusemi kwamba kuomba riziki ni dhambi. Bwana Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba mkate. Ila katika sala hiyo mkate haukutangulia. Lilitangulia jina la Baba, ukafuata ufalme wake na mapenzi yake, ndipo mkate. Sisi tumeanza na mkate, na mara nyingi tunaishia hapo hapo.

Matokeo tumeyaona. Mwenzetu mmoja alifunga na kuomba kwa ajili ya makaratasi, na barua ikaja ya kukataliwa. Mhubiri mgeni akamwambia imani yake ni haba, aongeze sadaka. Hakurudi tena, nasi hatukumfuata. Tusimlaumu. Tulimfundisha mungu mdogo, na mungu mdogo huanguka siku ile ile barua inapoanguka mlangoni.

Watakuwapo wa kusema kwamba kutafakari ukuu wa Mungu ni mambo ya wasomi, mwenye shida hana nafasi ya kutazama nyota. Je, Isaya sura ya 40 iliwahusu akina nani? Iliwahusu watu wa uhamishoni Babeli, waliopoteza nyumba na hekalu, waliodhani Mungu amewasahau. Nabii aliwafariji, kisha akawaambia wainue macho juu na kumfikiria aliyeziumba nyota na kuzijua kila moja kwa jina. Asiyepoteza nyota hata moja atawapotezaje watu wake? Naye Ayubu, aliyezika watoto na kupoteza mali, aliulizwa na Mungu habari za Kilimia na Orioni. Maneno hayo walipewa watu wenye shida kuliko sisi.

Kilimia tunakijua. Babu zetu walikitazama wapate kujua majira ya kulima, ndiyo asili ya jina lake. Hapa huonekana jioni za baridi, mawingu yakiruhusu, hata kutoka kituo cha basi. Mwanga wake unaotufikia usiku huu uliondoka huko yapata miaka 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Na hicho ni jirani tu, kwani galaksi yetu ina nyota zaidi ya bilioni 100. Mtu akitafakari hayo kabla ya kuingia zamu, barua ya kukataliwa itaendelea kumuuma, lakini haitaketi tena katika kiti cha enzi.

Wala ukuu huu hauko mbali nasi. Yohana anatuambia kwamba Yeye ambaye vyote vilifanyika kwa huyo alifanyika mwili, na Mathayo anasimulia jinsi wazazi wake walivyomkimbiza Misri usiku angali mtoto. Muumba wa Kilimia alikuwa mkimbizi. Anajua kukaa nchi ya watu.

Basi tunapendekeza hivi. Kuanzia Ijumaa ijayo, nusu saa ya kwanza asiombe mtu kitu chochote. Tusome Zaburi ya 8 au Ayubu 38, tumsifu Mungu kwa jinsi alivyo, na watoto wetu wasikie. Mahitaji yatafuata, nayo tutayaomba kwa imani iliyo imara zaidi.

Na kabla ya Ijumaa hiyo, wawili wetu waende wakamtafute yule mwenzetu. Wasiende kumhubiria. Wamwombe radhi, wakae naye, kisha wafuatane naye kwa mwanasheria. Mungu mkuu hawaachi watu wake, nasi tuliomwacha ndugu yetu tumrudie.